Kikao cha Hamsini na Mbili

Sikumpenda. Naanza na hilo ili mtu asije akafika katikati akadhani namwandikia marehemu sifa. Kwanza hajafa. Pili, hata angekufa leo, ningekwenda msibani, ningekaa na wanawake wenzangu kumenya viazi, na bado ningekuwa namwonea wivu pale alipolazwa.

Tulimwita Mama Masjala. Kwenye hospitali yetu hapa Mbinga, ambayo jina lake nitaliacha, mwanamke haitwi jina lake la shule. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mimi ni Mama Neema. Muuguzi mkuu ni Mama Deo. Hata daktari wa kike akishazaa, udaktari unasogea pembeni. Yeye hakuwa na mtoto, hivyo watu wakampa chumba cha mafaili kama vile alikizaa. Siku ya kwanza kusikia jina hilo nilicheka, nikamwambia mwenzangu kwamba angalau huyo mtoto wake hadai sare za shule. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo wangu haukuwa na breki. Bado hauna.

Kitu kimoja kijulikane mapema. Kama si yeye, mimi leo sina kazi. Nilisingiziwa kubadilisha kundi la damu la mama mjamzito kwenye kompyuta, na barua ya kunifukuza ilikuwa inasubiri sahihi tu. Yeye akaingia kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza kila kitu, akatafuta faili la kikao kimoja cha asubuhi moja ya Jumanne, akalipata, na nikabaki. Watu wakisikia hivyo wananiambia, basi mshukuru mama wa watu. Mimi nawaambia, kaeni kwanza.

Kilichoniuma kuliko vyote ni shule. Mimi nina kidato cha nne. Nimesoma huko kwetu ziwani, Lundo, nikapata daraja la tatu, halafu mama yangu akauza usipa, dagaa wa ziwa letu, msimu mzima ili nikasome kompyuta Songea miezi mitatu. Nina vyeti viwili, vyote nimevitia kwenye plastiki. Mama Masjala aliishia darasa la saba. Aliingia hospitali kupanga kadi za wagonjwa kwenye rafu, na akazipanga miaka mingi mpaka kompyuta zikaja. Wanaokumbuka wanasema fundi aliyetoka Dar es Salaam kufunga mfumo alikaa wiki tatu, na wiki zote tatu huyu mama alimfuata nyuma na swali moja tu: "Na hii inakaa wapi?" Fundi akionyesha kitu, yeye anaandika. Akigeuka, anaulizwa tena. Hakuuliza inafanyaje kazi. Aliuliza inakaa wapi. Fundi alipoondoka, watu wote pale walikuwa wanajua kubonyeza, yeye peke yake alijua vitu vilipokaa.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya dirisha la mapokezi. Rafu za kadi za zamani pande tatu, na upande wa nne seva, imewekwa kwenye meza ya mninga kana kwamba ni mgeni wa heshima. Aliifunika kitambaa cheupe cha kufuma, kama tunavyofunika redio nyumbani. Mtaalamu mmoja akaja akamwambia mashine inahitaji hewa, itaungua. Hakukitoa kitambaa. Alichukua mkasi, akakata tundu pale feni ilipo, akalizungushia uzi vizuri lisifumuke. Mashine ikapata hewa na heshima yake ikabaki. Hivyo ndivyo alivyokuwa, na mimi nilimchukia kwa sababu nilijua mimi ningekitoa tu kitambaa, au ningegoma.

Neno lake lilikuwa, "Jina halinisaidii. Nipe namba." Alilisema kwa wote, kwa madaktari na kwa wakulima. Mzee mmoja alikuja kutoka Kihagara kuulizia faili la mkewe. Akataja jina, akataja ukoo, akataja kitongoji, akataja na padri aliyembatiza mkewe. Mama Masjala akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, jina halinisaidii. Kadi ina namba gani?"

"Mwanangu," mzee akasema, "mke wangu hana namba. Ni mtu."

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Alitoka nje, akakaa na yule mzee kwenye benchi, akamuuliza walikuja siku ya soko au siku nyingine, walipofika mvua ilikuwa inanyesha au la, aliyewapokea alikuwa mnene au mwembamba. Akarudi ndani, na baada ya muda si mrefu akatoka na faili. Mzee alipolishika akasema, "Kumbe ulikuwa unamfahamu." Akamjibu, "Simfahamu, baba. Nafahamu alipokaa."

Sasa sikia kichekesho. Mtu huyohuyo asiyetaka majina ndiye aliyetunga majina ya kuingilia kwenye mfumo, na akatunga yale tunayoitana. Fundi alimwachia maelekezo kwamba kila mfanyakazi aandikishwe kwa jina lake kamili. Yeye akaandika mamadeo, babakelvin, sista, mamaneema. Nilimuuliza kwa nini, na niliuliza kwa dharau.

"Kwa sababu mtu akiitwa jina lake la shule hapa hageuki," akasema. "Juzi nimekuita jina lako la kwenye cheti mara tatu. Uliangalia ukutani."

Neno la siri la kuanzia alitupa wote moja, *karibu*. Akatuambia kila mtu akishaingia alibadilishe. Wenzangu walibadilisha. Mimi sikubadilisha. Sitaki kudanganya kwamba nilisahau. Sikubadilisha kwa sababu aliyesema ni yeye.

Tulikuwa tunataniana, lakini utani wetu ulikuwa na meno. Yeye ni Mmatengo, mtu wa milimani, mtu wa kahawa na mahindi. Akinisikia naongea dirishani alitoa kichwa mlangoni. "Ninyi watu wa ziwani mnaongea kama mnaitana kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine. Mgonjwa yuko hapa mbele yako, hayuko Malawi." Nami nilimrudishia, "Na ninyi mmezoea ngoro, kila kitu lazima kichimbiwe shimo lake." Ngoro ni yale mashimo wanayolimia Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Nilikusudia kumtukana. Akafurahi. "Ndiyo," akasema, "na udongo wetu bado upo."

Halafu kuna Neema. Baba yake yuko Mbamba Bay na maisha yake, kwa hiyo mtoto akitoka shule anakuja hospitali kunisubiri nimalize zamu. Benchi la mapokezi lina wagonjwa. Mama Masjala akamwita ndani. Akampa kigoda, akampa hindi la kuchemsha, na hapo ndipo nikaanza kumpoteza mwanangu mchana mchana, mita tatu kutoka kwenye meza yangu. Neema alikuwa na miaka saba. Aliingia kwa huyo mama hata kabla ya kuja kunisalimia.

Siku moja nilisimama nyuma ya mlango, nikasikiliza. Alikuwa anamfundisha.

"Ukiingia kwenye mfumo, mlangoni unapewa namba. Hiyo ni namba ya kikao chako. Umekaa. Sasa kule ndani ya seva anatokea mhudumu, wako wewe tu, naye ana namba yake. Wewe humwoni. Ukiomba kitu, yeye ndiye anakwenda kukileta. Umenipata?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nikitaka kujua kikao chako kilifanya nini, nasema nyayo ziandikwe. Zinaandikwa kwenye faili. Faili hilo lina namba ya nani?"

"Yangu."

"Fikiri. Aliyetembea ni nani?"

Mtoto akatafuna hindi. "Mhudumu."

"Basi lina namba ya mhudumu. Watu wengi wanatafuta kwa namba ya kikao, hawalioni, wanasema faili halipo. Lipo. Na ukishaondoka, namba ya mhudumu wako inaweza kupewa mwingine. Kwa hiyo unaangalia namba na saa, vyote viwili."

Ndiyo maana alikuwa na daftari kubwa. Mara tatu kwa siku aliandika humo vikao vyote vilivyo hai: namba ya kikao, na pembeni namba ya mhudumu wake. Kikao kikishakufa, seva haikumbuki tena nani alihudumiwa na nani. Daftari lilikumbuka. Mimi nilikaa Songea miezi mitatu na nikarudi bila kuyajua hayo. Mwanangu aliyajua kwa hindi moja.

Wiki hiyohiyo muuguzi mkuu alimkuta Neema kwenye korido akamuuliza, kwa upole tu, mama yako anafanya kazi gani hapa. Neema akajibu, "Mama anaandika. Bibi ndiye anajua." Watu walicheka, wakanisimulia mpaka wakachoka. Nami nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nilimwosha yule mtoto kwa nguvu mpaka akaniuliza, "Mama, nimechafuka wapi?"

Asubuhi yake palikuwa na kikao cha wafanyakazi, kile cha kawaida cha kwenye viti, na Mganga Mfawidhi aliuliza kama kuna mwenye tatizo. Nikasimama. Nikasema mfumo wa Mama Masjala ni mzito. Nikasema nikifungua faili la mgonjwa naweza kwenda chooni nikarudi halijafunguka, na wagonjwa wanatutukana sisi tulioko dirishani. Ulikuwa uongo mtupu. Mfumo ulikuwa unafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nilitaka tu mara moja aonekane hajui.

Hakujitetea. Aliuliza, "Kwako tu, au kwa wote?"

"Kwangu."

"Basi nitaweka nyayo kwenye jina lako. Kila utakachofanya kitaandikwa, na muda kilichochukua. Tutaona uzito uko wapi."

Nikakaa. Niliona kama nimeshinda, kwa sababu angalau alikuwa ananifanyia kazi.

Wiki chache baadaye ndiyo ikaja Jumanne. Mama mjamzito aliletwa kutoka kijijini akihitaji damu. Kwenye kompyuta kundi lake lilisema A. Maabara hawatoi damu kwa kuamini kompyuta, walipima upya kama kawaida yao, wakakuta ni O. Mama alipewa damu yake na akajifungua salama. Lakini swali likabaki. Wiki iliyopita kompyuta hiyohiyo ilisema O. Nani alibadilisha? Katibu wa hospitali akafungua, na mfumo ukamwandikia wazi: aliyebadilisha ni mamaneema, leo, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Aliniita akiwa amesimama. Katibu wetu akikuita amekaa, ni kazi. Akikuita amesimama, ni hatari.

"Mama Neema, ulitaka kuua mtu?"

"Sijagusa faili la huyo mama leo, Katibu."

"Jina ni lako."

"Jina ni langu. Mkono si wangu."

"Hayo utayasema mbele ya kamati. Ijumaa uje na maelezo kwa maandishi. Na nikushauri, andika na barua ya kuacha mwenyewe. Itakuwa rahisi kwako kutafuta kazi kwingine."

Kwingine wapi? Kurudi Lundo kuanika usipa na vyeti viwili kwenye plastiki. Neema atasoma kwa pesa gani? Nilitoka pale nikijua kwamba mtu pekee aliyeweza kunitoa kwenye lile shimo alikuwa mtu niliyemsemea uongo.

Nilikwenda. Nilimkuta amefunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Nikagonga, akafungua, akarudi kwenye skrini bila kuniangalia. Alikuwa anasoma faili refu, kidole kwenye kioo, midomo inatembea.

"Mama, naomba unisaidie."

"Subiri."

Nilisimama. Alisoma mpaka mwisho. Akarudi juu, akasoma tena mpaka mwisho. Nilitazama mgongo wake nikajisemea, huyu mama ananipigania, na nikaona aibu, na bado ndani ya aibu nikaona wivu, kwamba hata maisha yangu yako kwenye maandishi ambayo yeye anayasoma na mimi siyaelewi. Halafu akaweka mikono mapajani.

"Saa nne na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Mezani kwangu."

Akavuta daftari. Akapitisha kidole kwenye Jumanne. "Saa nne jina lako lilikuwa na vikao viwili. Arobaini na saba, na hamsini na mbili. Vyote hai."

"Nimeingia mara moja tu."

"Miezi mingi nakuona mara mbili. Nilidhani ni uzembe wako wa kuondoka bila kutoka. Arobaini na saba ndiyo meza yako." Akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akasoma namba ya mhudumu wa hamsini na mbili, akaiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Akaenda kwenye mafaili, akashuka nayo, yalikuwa mengi, namba tupu, mpaka akafika. Akalinganisha kiganja na skrini. Akalinganisha na saa. Akafungua.

Mimi sikuelewa kitu, lakini nilielewa alipovuta pumzi.

"Kumi na dakika arobaini," akasoma. Mashine inahesabu saa kizungu, kumi yake ndiyo nne yetu. "Imefungua mgonjwa. Imebadilisha kundi, O imekuwa A. Imefunga." Akapanda mstari wa juu kabisa. "Na imetoka kwenye mashine ya dirisha la pili."

Dirisha la pili alikuwa amekaa mama mmoja mpole, amehamishiwa kwetu miezi mitano kabla kutoka wodi ya wazazi. Hakuna aliyekumbuka kumpeleka Mama Masjala aandikishwe. Tulimwita kama walivyomwita wodini, kwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto wake naye anaitwa Neema.

Ijumaa kwenye kamati Katibu alisema, "Mama Neema, kaa," tukakaa wote wawili. Hata yeye mdomo ulimcheza.

Mama Masjala hakuhutubia. Alimwambia yule mwenzangu, "Mama, sogea kwenye kompyuta uingie kama unavyoingia kila siku." Yule akaandika mamaneema, akaandika *karibu*, ikafunguka.

"Nani alikupa jina hili?" Katibu akauliza.

"Hakuna. Siku ya kwanza niliandika ninavyoitwa, na neno walilosema ni la wote. Ikakubali. Nikajua mmeshaniandikisha." Akaanza kulia. "Nilifurahi. Nikasema hawa watu wananijua."

Ile Jumanne kulikuwa na wajawazito wawili, jina moja, ukoo mmoja. Mmoja alipimwa akaonekana A. Mwenzangu wa dirisha la pili akaiandika kwa yule mwingine. Alifuata jina, hakuangalia namba.

Katibu akataka amfukuze basi yeye. Mama Masjala akasimama. "Andika na langu, Katibu. Majina niliyatunga mimi. Neno la siri moja kwa wote nililitoa mimi. Na huyu wa ziwani hakulibadilisha, mwandike naye. Tukifukuzwa, tufukuzwe watatu." Hospitali haiwezi kufukuza watatu wa mapokezi kwa siku moja. Tulipewa onyo la maandishi. Yeye alibakiza miezi sita kustaafu, na hakuwahi kupata onyo maisha yake yote. Aliipokea ile barua kwa mikono miwili, akaisoma, akamuuliza Katibu, "Nakala ina namba gani ya faili?" Halafu akaenda masjala akaiweka mwenyewe, kwenye jalada lake, mahali pake.

Miezi hiyo sita alinifundisha. Alinifundisha kama mtu anayetapika dawa. "Angalia. Tena. Umekosea. Tena." Hakuwahi kuniambia nimeweza. Siku ya kuagwa watu walimpa vitenge na sufuria, na Neema alilia mpaka akatapika. Jumatatu yake nilikaa kwenye kiti chake. Nilidhani wivu utaisha, kwa sababu nilichokuwa namwonea sasa ni changu. Haukuisha, ulitafuta tu mahali pengine pa kukaa. Kile kiti kilikuwa changu lakini ile kazi aliyoifanya ile Jumanne ilikuwa yake, na mimi nilikuwa nimeokolewa nayo kwa uongo. Nisingesimama siku ile kusema mfumo ni mzito, nyayo zisingeandikwa, faili lisingekuwepo, na mimi ningekuwa Lundo. Uongo wangu uliniokoa, na yeye aliuchukulia kama malalamiko ya kweli. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mbasa.

Mwaka jana, msimu wa kahawa, nikapanda bodaboda mpaka kwao Kingerikiti na mfuko wa usipa wakavu. Neema nilimwacha nyumbani.

Nilimkuta uwanjani, amekaa pembeni ya kichanja cha kuanikia kahawa, anachambua. Amekonda kidogo. Macho ni yaleyale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Neema yuko wapi?"

Hakuuliza nimefikaje.

"Yuko shule."

"Leo Jumamosi."

"Yuko nyumbani."

"Umemwacha makusudi."

"Ndiyo."

"Basi kaa, uchambue. Mbovu weka huku."

Nilikaa. Tulichambua. Halafu nikasema, nikiwa nimeangalia kahawa, "Mama, nimekuja na neno. Siku ile niliposema mfumo ni mzito, nilidanganya."

Mikono yake haikusimama. "Nilijua jioni ileile. Nilipima. Ulikuwa unafunguka kabla hujainua kidole."

"Na hukuzima zile nyayo."

"Sikuzima."

"Kwa nini, kama ulijua hakuna uzito?"

"Ungekuwa umesema kweli, ningetengeneza na ningezima. Lakini ulisema uongo juu ya kazi yangu mbele ya Mganga Mfawidhi. Mtu wa hivyo harudi nyuma. Nilijua utaharibu kitu makusudi ili kinidondokee mimi, miezi yangu ya mwisho. Nikaacha ziandikwe. Nilikuwa nakusubiri."

"Ulikuwa unaniwinda."

"Ndiyo." Akapuliza maganda. "Jumanne ile Katibu aliponiambia ni wewe, nilisema asante Mungu. Nikafunga mlango. Lile faili ulilonikuta nalisoma lilikuwa la arobaini na saba. Lako. Nilikuwa natafuta mahali ulipobadilisha ile damu. Nimelisoma mara mbili."

"Nilikuona. Nilidhani unanitetea."

"Lilikuwa safi. Nilikasirika sana."

Nilishindwa kuendelea kuchambua. Miaka yote ile nilidhani wivu ni wangu peke yangu, nimeubeba kama mtoto mgongoni, kumbe mita tatu tu, nyuma ya ukuta, kulikuwa na mwingine.

"Kumbe hukunipenda, mama."

"Ningekupendaje? Una cheti, una mtoto, na bado ulikuwa unaniangalia kama mimi ndiye nimekuibia."

Nilitaka kukasirika, na kwa kawaida yangu sihitaji kusukumwa. Lakini lilinijia swali, likatangulia hasira.

"Basi ungeishia pale. Jina lilikuwa langu. Katibu alishaamua. La hamsini na mbili hakuna mtu aliyejua kama lipo, hata mimi sikujua. Ungesema nyayo hazionyeshi kitu. Ulilifungua kwa nini?"

Akaniangalia kama alivyokuwa ananiangalia nikikosea namba.

"Lilikuwepo," akasema.

Akarudi kwenye kahawa yake. Baadaye alinipikia ugali, tukala na usipa niliowaleta, akasema wana mchanga. Akanifungia ndizi za Neema, akaniambia ni za Neema, si zangu.

Nikapanda bodaboda nikarudi. Leo nakaa kwenye kile kiti, na mtu akiniletea kikao chochote, kilicho hai au kilichokufa, faili lake nalipata. Hilo simwonei wivu tena. Lakini najiweka pale alipokuwa, mlango umefungwa, mtu nisiyempenda jina lake liko kwenye skrini, na pembeni kuna faili la pili limekaa kimya ambalo hakuna duniani anayelijua isipokuwa mimi. Nimejaribu mara nyingi, na kila mara jibu ni moja. Mimi nisingelifungua.